Tafsiri ya Fundi Nikolaus

Miaka ile ya vita, mtu wa Tabora akitaka kujua mambo yamefika wapi hakwenda boma, wala hakumngoja liwali aite watu. Alikwenda Ng'ambo, kwenye baraza ya duka la Popatlal, Jumamosi baada ya saa nane, akatafuta pa kuketi. Hapo palikuwa na cherehani moja ya miguu, na nyuma ya cherehani alikuwapo Fundi Nikolaus, miwani imefungwa uzi mweusi upande mmoja, gazeti la serikali magotini. Kusoma wengine walijua. Misheni haikumsomesha yeye peke yake. Lakini wengine walisoma kilichoandikwa. Fundi Nikolaus alisoma kilichofichwa.

Ufundi huo hakuupata misheni. Misheni walimfundisha kwamba neno likishapigwa chapa ni neno, akaamini hivyo mpaka mvi zikamtoka. Mwaka wa kwanza wa vita, tangazo la keya, jeshi la Mwingereza, lilipobandikwa ukutani, likiwaita vijana na kuahidi kwamba watalinda mipaka tu na kurudi kabla ya mavuno mawili, ni yeye aliyemsomea Raymundi, mwanawe wa pekee, tena mara mbili, na ni yeye aliyemsindikiza stesheni. Mavuno yakapita mawili, yakapita manne. Raymundi akavushwa bahari, akapelekwa Bama, nchi ambayo hata Popatlal mwenye ndugu kila bandari alikuwa akiisikia tu. Mkewe Fundi, Josepha, mwanamke wa Kwihara asiyejua a wala be, hakumlaumu mumewe kwa mdomo. Kila gazeti lilipofika aliuliza tu, "Limesema anarudi lini?" Na gazeti halikusema.

Kilichomgeuza hasa ni nguo. Nguo ziliadimika mpaka watu wakaona haya kutoka nje, na gazeti likaandika kuwa nguo ziko njiani. Fundi akawaambia wateja wake wangoje. Pasaka ikapita, Krismasi ikapita, kila toleo nguo ziko njiani. Bwana Shauri, mzungu wa boma, mwenyewe akaita watu bomani, akasema nguo ziko njiani, na mkalimani akalirudia hilo kwa sauti kubwa zaidi, utadhani kelele ndizo zinazofuma kitambaa. Jumamosi ile Fundi alikuwa akimshonea mzee mmoja kaptula ya gunia la karanga, na maandishi ya gunia yalikuwa yameangukia makalioni. Akaitazama ile kaptula, akalitazama gazeti, akavua miwani.

"Jamani," akasema, "nimeelewa sasa. 'Nguo ziko njiani' maana yake vaeni magunia."

Baraza nzima ikaangua kicheko, na tangu siku ile hawakuja tena kusomewa, walikuja kutafsiriwa. Gazeti likisema majeshi yetu yamejipanga upya mahali pazuri zaidi, Fundi aliwaambia wametimuliwa. Likisema hasara ilikuwa ndogo, aliwaambia waliokufa hawahesabiki. Likisema wenyeji wanakwenda kukata mkonge kwa moyo mkunjufu, hapo hakuhitaji hata kutafsiri, maana wenyeji wenyewe walikuwa wamekaa pale, na makovu ya kamba bado mikononi. Mwaka wa arobaini na tano gazeti lilipotangaza kwa herufi kubwa kwamba vita vimekwisha, watu wakataka kupiga vigelegele. Fundi akainua kidole. "Vimekwisha vyao," akasema. "Bama bado." Na ilikuwa kweli. Sisemi kwamba alikuwa mwongo. Mara tisa kwa kumi alipatia, na ubaya wote ulianzia hapo.

Maana kabla ya hapo lilikuja lile la Alois, na ndilo lililomtawaza.

Alois alikuwa mume wa Marcelina, muuza maandazi wa mtaa ule, naye Alois alikuwa askari wa keya. Siku moja Yoramu, tarishi wa boma, Mmoraviani asiyegusa pombe wala uongo, alibisha hodi kwa Marcelina akamwambia kuwa mumewe ni mgonjwa, yuko mikononi mwa madaktari, amwombee. Marcelina akaja barazani mbio, na tumbo lake la miezi minane.

"Shikamoo, Fundi. Alois anaumwa. Umeona lolote gazetini?"

Sasa, kila mtu wa kwetu anajua kwamba msiba hautupwi mlangoni kama mzigo wa kuni. Aliyefiwa mbali huambiwa, "Njoo, baba ni mgonjwa," akaenda njia nzima akijua na asijue, moyo ukapata muda wa kujiandaa. Wanawake wa Kwihara husimulia kwamba hata wapagazi wa zamani, waliopita pale na pembe mabegani, waliporudi kutoka pwani hawakumwambia mtu kuwa mumewe ameachwa kaburini. Walisema, "Yuko nyuma, mguu unamsumbua." Ni adabu, tena ni huruma. Lakini mtu akishazoea kutafsiri, hata huruma ataitafsiri.

"Marcelina, binti yangu," Fundi akamwambia mbele ya watu wote, "serikali hii haijapata kumtuma tarishi kwa sababu ya homa. Nenda ukavae kaniki."

Marcelina alimlaani palepale. Baada ya miezi minne likaletwa furushi bomani: blanketi, mkanda na rozari. Alois alikuwa amekwisha kufa hata kabla Yoramu hajabisha ile hodi. Marcelina akarudi barazani na mtoto mgongoni, akapiga magoti kumwomba Fundi radhi, naye akamwinua kwa upole. Lakini moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo kwamba alipatia.

Kwa hiyo usishangae yaliyofuata.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baraza imejaa, jua kali, na upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi la Ng'ambo mpaka ndani ya cherehani. Yoramu akatokea na bahasha. Akavua kofia, akasimama mbele ya Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona umeivua kofia?"

"Joto, Fundi." Akampa ile bahasha.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilipigwa taipu kwa Kiswahili kisichokwaza: askari Raymundi Nikolaus amerudishwa kutoka vitani akiwa mgonjwa sana wa kifua, amelazwa katika hospitali ya askari Dar es Salaam, na wazazi wake wanaruhusiwa kuja kumwona upesi. Ya pili ilikuwa hati ya treni kwa watu wawili, kwenda na kurudi.

Fundi aliisoma kimya. Waliokuwa wakitafuna miwa wakaiweka chini.

"Yoramu," akasema, "wewe ni mtu wa Mungu. Niambie kiume. Ni mgonjwa, au ni *mgonjwa*?"

Hakuna aliyekosa kulielewa swali lile. Yoramu akatazama chini.

"Barua inasema mgonjwa, Fundi. Ningejua zaidi ningekuambia."

"Ndivyo ulivyomwambia Marcelina."

Yoramu hakujibu. Aligeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena, na uso wake ukasawijika. Fundi aliyaona yote hayo: kofia, macho yaliyoinama, ulimi uliofungwa. Kwa mtu aliyezoea kusoma kilichofichwa, ule ulikuwa ukurasa mzima.

Akasimama. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila Jumamosi, na nadhani hakuwa na nyingine.

"Sikilizeni niwasomee. 'Mgonjwa sana.' Alois alisemwa ni mgonjwa tu. Wangu ameongezewa 'sana'. 'Njooni upesi.' Serikali ilitaka haraka lini? Na hii." Akaiinua hati. "Watoto wetu walipakiwa kama ng'ombe walipokwenda. Leo serikali hiyohiyo inanipa mimi na mke wangu safari ya bure, kwenda na kurudi, kutazama kikohozi? Jamani, hii si hati ya treni. Hii ni sanda."

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Kilio kikashika mtaa.

"Basi sendi!" Fundi akapaza sauti. "Sendi kwa miguu yangu kuonyeshwa kaburi na kupigiwa saluti! Mtatudanganya mpaka lini?" Akaichana ile hati, akaichana tena, vipande vikaangukia kwenye vitambaa chini ya cherehani. Watu walilia, na wengine, nisiwafiche, walilia kwa fahari. Hawakuwa wamepata kuona mtu wa Ng'ambo akichana karatasi ya serikali mchana kweupe.

Josepha alisikia yowe akiwa anaanika michembe ya viazi uani. Alipofika barazani wanawake walitaka kumkumbatia, akawasukuma kando.

"Baba Raymundi, kuna nini?"

"Raymundi hatunaye, mke wangu."

"Nani kamwona?"

"Imekuja barua."

"Barua imesemaje?"

Fundi akasita. "Imesema ni mgonjwa."

"Basi twende."

"Mama Raymundi, wewe hujui kusoma."

"Sijui," akasema Josepha. "Ndiyo maana nasikia kilichosemwa. Babu yangu walisema yuko nyuma, mguu unamsumbua. Bibi akanyoa, mbuzi wakachinjwa. Siku ya nne babu akatokea njia ya pwani anachechemea, akamkuta mkewe kipara na mbuzi wameliwa. Mguu ulikuwa unamsumbua kweli!"

"Wapagazi hawakuwa serikali."

"Mimi sisemi serikali, nasema mwanangu. Iko wapi hiyo ya treni?"

Marcelina, ambaye naye alikuwa analia, akaelekeza macho chini ya cherehani. Josepha akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kuviokota vipande kimoja kimoja kati ya nyuzi na vikorokoro vya nguo, huku watu wakimtazama kwa huruma, kama mtu aliyerukwa na akili kwa msiba. Vingine upepo ulikuwa umekwisha kuvichukua. Vile alivyopata akavifunga kwenye ncha ya kanga, akaenda navyo stesheni peke yake. Karani wa tikiti akavipanga mezani, akavipangua, akamwambia, "Mama, hapa hakuna namba, hakuna muhuri. Siwezi." Akarudi.

Matanga yakakaa siku tatu. Fundi akanyoa nywele, akaketi mkekani, watu wakaja mpaka kutoka Isikizya. Josepha alikataa wembe. Aliwapikia waombolezaji, akawanawisha mikono, akaondoa vyombo, kama vile amewapokea wageni wa mtu mwingine. Fundi alikwenda kwa padre kuomba misa ya wafu, na padre akamwambia hawezi kumwombea kama maiti mtu aliyeandikiwa kuwa ni mgonjwa. Fundi akarudi akiwaambia watu kwamba na padre naye amekwisha kuwa gazeti.

Popatlal alikuja siku ya tatu, akavua viatu, akaketi mkekani pamoja na wengine. Walikuwa wamekaa baraza moja miaka kumi na minane.

"Fundi, pole sana. Nani ameleta habari ya kifo?"

"Ni barua ile."

"Barua imesema amekufa?"

"Imesema mgonjwa."

Popatlal akakuna kidevu. "Fundi, mimi nadhani mgonjwa ni mgonjwa."

Fundi alitikisa kichwa kwa upole. Mhindi wa watu, alifikiri, ni rafiki mwema lakini mila zetu hazijui.

Siku ya tisa Popatlal alitoka posta akikimbia. Alikuwa mtu mnene, hakuna aliyepata kumwona akikimbia. Mkononi alikuwa na barua ndogo, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, imepitia sanduku la duka lake. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwenye cherehani. Akaifungua, macho yakashuka hadi mstari wa mwisho, yakapanda tena. Akatazama muhuri. Tarehe ilikuwa ya siku nne baada ya yeye kuichana ile hati.

Hata hapo akili yake ilitafuta njia. Labda waliiandika wao. Labda tarehe ni ya uongo. Akili iliyofundishwa kazi moja haiachi kazi hiyo kwa siku moja. Lakini Josepha alikuwa amekwisha fika, ameambiwa na mtu, amesimama mbele yake.

"Soma," akasema. "Soma kama ilivyoandikwa. Neno la kwako hata moja usiweke."

Na Fundi Nikolaus, aliyewasomea watu wa Tabora vita vizima bila sauti kumkwama, akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza.

"'Baba shikamoo, mama shikamoo. Naandikiwa na mwenzangu wa kitanda cha pili kwa sababu mkono unachoka. Mvua za Bama zimeniharibu kifua. Daktari hakunificha, amesema hali si nzuri. Nimeambiwa hati yenu ya treni imetumwa. Nikiwa hapa kitandani nasikia firimbi ya treni ya bara ikiingia, na huwa nakadiria mtu atatembea muda gani kutoka stesheni. Mama aje na michembe kama ipo, uji wa hapa hauna ladha. Mkikawia msiwe na wasiwasi, nitangoja. Mimi mtoto wenu, Raymundi.'"

Hakuna aliyelia. Kilio walikwisha kukitumia chote siku tisa nyuma.

Fundi alikwenda boma bila kofia, kipara chake kinawaka juani. Aliomba hati nyingine. Karani akamwambia hati hutolewa mara moja; ikipotea huandikiwa Dar es Salaam, na majibu huchukua wiki mbili au zaidi. Fundi akasema haikupotea. Karani akauliza basi iko wapi. Fundi akatoka nje akajishika kwenye nguzo ya bendera, na hapo Yoramu akamfuata.

"Fundi, nina neno limenikaa kooni. La Alois halikuwa uongo wa serikali. Barua ya Alois ilikuja kwa Kiingereza, nikatafsiriwa na karani, nayo ilisema wazi kwamba amekufa. Nikatumwa nikamwambie mkewe. Nilipofika nikaliona lile tumbo. Fundi, nilishindwa. Nikasema mgonjwa."

"Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi. Siku ile uliponiuliza mbele ya watu, niliona haya. Ningesema nini, Marcelina ameketi pale?"

"Na Raymundi?"

"Ya Raymundi waliandika wenyewe," akasema Yoramu. "Waliandika kweli."

Fundi alimtazama yule kijana, akatafuta hasira ya kumpa, asiione. Alichofanya Yoramu ndicho ambacho mtu yeyote mwenye malezi angefanya. Hilo ndilo lililomvunja miguu.

Nauli alitoa Popatlal, akamfumbatisha Fundi kiganjani na kumwambia asiseme kitu. Lakini treni ya pwani ilikuwa imeondoka asubuhi ileile, na nyingine ni baada ya siku mbili. Siku mbili hizo waliketi stesheni, mchana kutwa, kana kwamba treni ikiona watu wanaisubiri itaharakisha. Watu wa Ng'ambo wakaja kuwafariji. Walikuja na chakula, na walikuja na maneno.

"Pole, Fundi. Kumbe boma walikuwa wameikalia hati."

"Wameichelewesha makusudi ili mtoto afe, wasimlipe."

"Walijua. Hawa wanajua kila kitu."

Walisema hivyo watu ambao walikuwapo. Walimwona kwa macho yao akiichana, wakalia kwa fahari, na siku kumi baadaye walikuwa hawakumbuki. Fundi aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika vinywa vyao, yamenona, yana uhakika. Alifungua mdomo kuwasahihisha. Kila mmoja akampigapiga begani kwa upendo, akamwambia apumzike.

Ndani ya treni walikaa ubao mmoja, Josepha kando ya dirisha, kifurushi cha michembe mapajani. Reli ile kwa sehemu kubwa inakwenda palepale walipopita wapagazi; babu zake Josepha walitembea miezi mitatu, na wajukuu walikwenda kwa kukaa kitako, lakini sijui ni nani aliyeona njia ndefu zaidi. Itigi ikapita. Dodoma ikapita. Kila stesheni Fundi alishuka, akatembea mpaka kwenye injini, akarudi.

"Mama Raymundi," akasema walipoikaribia Kilosa, "nisemeshe hata kwa kunitukana."

Josepha aligeuka akamtazama. Haikuwa chuki iliyokuwa machoni mwake, na Fundi angependelea chuki.

"Nikikutukana sasa nitaishiwa nguvu," akasema. "Nazitaka za kumshika atakapokohoa. Niache."

Walitoka stesheni ya Dar es Salaam wakiuliza njia, Josepha akitangulia, karibu kukimbia, hadi Fundi akawa anapumua kwa shida nyuma yake. Langoni mwa hospitali walipokewa na dresa mmoja wa makamo, mfunga vidonda mwenye koti jeupe, jina lake Lukumani. Alipowasikia wakisema tu akajua ni watu wa kwao, maana yeye alikuwa mzaliwa wa Nzega. Akawaamkia. Akawauliza jina la mgonjwa. Walipolitaja, akawaletea benchi, akawaketisha kivulini, naye akachuchumaa mbele yao.

"Wazee wangu," akasema, "kwetu tuna namna yetu ya kusema mambo haya, nami naijua. Lakini hapa nimeona watu wakizungushwa mpaka wanaumia mara mbili. Raymundi amefariki. Alikufa Jumanne asubuhi. Tulimngojea mtu siku moja, halafu tukamzika. Padre alikuwapo."

Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Mwana wane," akasema Josepha, polepole, kama mtu anayeita ndani ya nyumba asijue kama kuna mtu. "Mwana wane, weee." Akainama mpaka paji la uso likagusa kifurushi mapajani mwake, akabaki hivyo, mgongo unapanda na kushuka. Fundi alinyoosha mkono kumgusa, akaurudisha.

Lukumani aliwaacha walie. Alikuwa amezoea vilio, lakini hicho hakikuwa na sauti, nacho kilimsumbua, kwa hiyo akaanza kusema, kama wasemavyo watu wema wakidhani wanafariji.

"Hakuteseka sana mwisho. Na hakukata tamaa. Siku zote alikuwa akiwangojea. Wenzake wodini walimtania, wakamwambia, 'Wewe, barua za jeshi huko bara hakuna anayezielewa, wazee wako wataifungia tumbaku.' Akacheka mpaka akakohoa. Akawaambia, 'Ninyi hamumjui baba yangu. Baba yangu hakuna barua inayomshinda. Akiipata tu, atakuja.'" Akamtazama Fundi kwa huruma ya kweli. "Ilichelewa kuwafikia, siyo, mzee? Hawa watu na barua zao. Kila siku namwona mtu wa kuchelewa hapa."

Jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Ng'ambo nzima ilikuwa imemwandalia, na huyu naye alikuwa amekwisha kulipokea kabla halijatolewa. Ilitosha atikise kichwa tu. Pale langoni hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye angeona shida kuamini kwamba serikali ilikuwa imeichelewesha barua. Josepha alikuwa ameinua uso. Alimtazama mumewe, machozi yanamtiririka, akangoja.

"Haikuchelewa," akasema Fundi Nikolaus. "Ilifika mapema. Niliisoma mwenyewe."

Lukumani hakuelewa. "Uliisoma, mzee?"

"Niliisoma mbele ya watu. Ilisema mwanangu ni mgonjwa, niende upesi."